Kilo mbili na ushei za Mamiya: miaka miwili na RB67

"We mjukuu, wanipiga picha au waniomba radhi?"

Aliyeuliza ni mdogo wake bibi yangu, Pangani, siku ya kwanza nilipomwekea Mamiya RB67 mbele ya kibaraza chake. Kamera ilikuwa kwenye tripodi usawa wa kifua changu, kitazamio kimefunguliwa kwa juu kama mfuniko wa kasha, nami nimekiinamia kama mtu anayechungulia kisimani. Yeye aliona namtolea heshima. Akacheka, na mkono ukachelewa kufika mdomoni. Nimempiga picha bibi huyu kwa kamera za dijitali tangu nianze kazi hii, na kila mara mkono ndio uliowahi. Siku hiyo iliwahi shata, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza mwanga ukifyatua.

Kwa hiyo naanza na kitazamio, ingawa wengi wakisifu kamera huanza na lenzi. Kamera ya kawaida unajifunika nayo uso. Anayepigwa anabaki kuongea na dude jeusi. Hii unaiinamia kupanga picha, kisha unainua kichwa, mnaongea, unafyatua huku unamtazama mwenyewe machoni. Kioo kinaonyesha mambo yakiwa wima lakini kushoto na kulia vimebadilishana, hivyo ukitaka kumfuata anayekwenda kulia mikono yako inakwenda kinyume chake. Muulize dereva yeyote anayerudisha trela nyuma. Wiki tatu za mwanzo nilikata watu mabega. Ukichoka kuinama, kitazamio hicho unakichomoa na kupachika cha prizma, unatazama mbele na kushoto kunarudi kushoto. Prizma niliazimwa kwa mwezi mmoja nikairudisha. Inaongeza uzito, halafu inanifunika uso tena.

Kwa asiyeijua: Mamiya, kampuni ya Japani, iliitoa RB67 mwaka 1970. Yangu ni Pro S, toleo la mwaka 1974. Herufi RB zimetoka kwenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya mgongo unaozunguka, na 67 ni ukubwa wa picha, sentimita 6 kwa 7. Inakula mkanda wa 120, ule mpana usio na matundu pembeni, na mkanda mmoja unatoa picha 10. Kila negativu ina eneo kama mara nne na nusu ya ile ya mkanda wa milimita 35 ambao wazazi wetu walikuwa wakipeleka studio kusafishwa. Haina betri. Haina kipima mwanga. Ni boksi lenye kioo, mvukuto unaokunjuka mbele na gia, na vingine vyote vinapachikwa: lenzi mbele, mgongo wa mkanda nyuma, kitazamio juu. Ukivitoa vyote unabaki na boksi lililo wazi pande tatu, halina kazi yoyote. Mume wangu alipoikuta imefumuliwa mezani aliuliza kama na mimi siku hizi naungaunga mwana. Sikumbishia.

Niliinunua mtandaoni kwa muuzaji aliye Japani: boksi, lenzi ya milimita 90, migongo miwili, mmoja wa Pro S na mwingine wa toleo la kwanza, pamoja na mgongo wa Polaroid, wa picha za papo kwa papo. Kwa usafiri na ushuru ilifika karibu shilingi milioni mbili. Maelezo yalisema haina kasoro. Ilipofika, sponji za kuzuia mwanga kwenye migongo zilikuwa zimegeuka lami, zinanata vidoleni na zingenata kwenye mkanda pia. Kwa kitu cha umri ule si ajabu, ila muuzaji angesema. Nilikwangua kwa spiriti na vijiti vya masikio, kisha fundi viatu wa mtaani kwetu Ilala akanikatia vipande vyembamba vya ile sponji nyeusi anayoweka ndani ya soli. Alinitoza elfu mbili na akataka kujua kiatu kiko wapi.

Sasa migongo, yale makasha ya nyuma yanayobeba mkanda, maana hapo ndipo niliponasa. Mgongo mmoja nauwekea mkanda wa nyeusi na nyeupe, kwa kawaida Ilford HP5 Plus, wa pili Kodak Portra 400 ya rangi. Kati ya picha na picha, hata kama mkanda uko katikati, unachomeka kibati cha kuzuia mwanga, unautoa mgongo huu, unaweka ule. Mtu ni yuleyule, amekaa palepale, lenzi haijaguswa. Hapo kibarazani Pangani bibi alivaa kanga ya rangi ya machungwa iliyopauka, ukuta nyuma yake wa chokaa. Kwa rangi, jicho lilikwenda kwenye kanga moja kwa moja na uso wake ukawa wa pili. Nikabadilisha mgongo. Kwa nyeusi na nyeupe kanga ilizimika, ikabaki mikunjo ya uso na mikunjo ya chokaa, vinafanana kama ndugu. Ningekuwa na dijitali ningeweza kuiondoa rangi baadaye kwenye kompyuta, najua. Lakini ningeiondoa nikiwa Dar, peke yangu, usiku. Pale nililazimika kuchagua akiwa mbele yangu, na nilipochagua nikasogeza kiti chake hatua mbili ili mwanga umpate kwa upande, jambo ambalo kwa ile ya rangi nisingelifanya.

Kibati chenyewe ni balaa. Kwenye harusi moja Tanga nilikiweka juu ya boneti ya gari la kukodi, gari likaondoka nacho. Bila kibati huwezi kuutoa mgongo bila kuunguza mkanda kwa mwanga, basi nikakwama na rangi mpaka picha ya kumi, na kizuri cha siku kilikuwa babu mmoja mwenye kanzu nyeupe ndani ya chumba chenye giza. Siku hizi kibati nakitumbukiza kwenye mfuko wa shingoni, ule wa kuwekea simu.

Kazi inayonilisha ni harusi, hasa shughuli za wanawake watupu: singo, usiku wa hina, kumpamba bibi harusi. Huko mpiga picha wa kiume haingii, na mara nyingi simu zinazuiwa mlangoni. Nikitoa kamera ya dijitali swali la kwanza ni "hebu nione", la pili "usije ukairusha". Baada ya hapo kila mtu anakaa kama yuko kwenye picha ya kitambulisho. Mamiya haina skrini ya kuonyesha. Nilimweleza bibi harusi mmoja kwamba picha imelala ndani ya boksi hilo, kwamba haiwezi kufika WhatsApp usiku ule hata mtu akitaka, na kwamba mkanda nitausafisha mwenyewe bafuni kwangu bila fundi yeyote kuuona. Alivua mtandio bila kuombwa. Picha zile sitazionyesha hapa wala popote, lakini ndizo nzuri kuliko zote nilizopiga. Sikutarajia kamera ya miaka ya 1970 inipe kitu ambacho wateja wangu walikuwa wakikihitaji kuliko ubora wa picha.

Na hina ndiyo ilinifundisha mvukuto. Kwenye kamera hii huzungushi lenzi ili kupata fokasi. Unazungusha kitasa kwenye boksi, na lenzi nzima inasogea mbele juu ya mvukuto, mpaka milimita 46. Maana yake lenzi yoyote unayopachika inaweza kusogea karibu sana bila kununua lenzi maalumu. Kwa ile ya milimita 90 mvukuto ukivutwa wote, kiganja kimoja cha bibi harusi kinajaza picha, unaona mpaka ule mkato mdogo pembeni ya ua ambapo mpakaji hina alitetemeka mkono. Ila kadiri lenzi inavyokwenda mbele ndivyo mwanga unavyopungua kabla ya kufika kwenye mkanda. Mvukuto ukiisha, unapoteza zaidi ya nusu. Ubavuni mwa boksi kuna chati ya mistari inayokwambia uongeze kiasi gani. Mkanda wangu wa kwanza wa hina niliisahau chati, negativu zikatoka hafifu, hina na ngozi vikawa kitu kimoja. Wa pili nilijiandikia kwa kalamu juu ya utepe na kuubandika kwenye kitazamio: MVUKUTO!

Mgongo unaozunguka nao nilidhani ni mbwembwe. Kwa kamera ya kawaida ukitaka picha ya wima unaigeuza ubavu. Jaribu kugeuza ubavu kitu cha karibu kilo 2.7, tena chenye kitazamio cha juu, ambacho ukikilaza unajikuta umesimama pembeni ya kamera unatazama ukutani. Hapa kamera inabaki kama ilivyo, unaushika mgongo na kuuzungusha robo duara, unalia "klak", na mistari ya rangi inajitokeza kwenye kioo kukuonyesha mipaka mipya. Kivukoni Pangani, pale watu wanaposubiri kuvuka kwenda Bweni, nilimsimamisha muuza madafu na baiskeli yake. Wima: yeye, baiskeli, madafu yaliyoning'inia. Klak. Kulala: yeye yule, sasa na mto nyuma yake na pantoni inakuja. Sekunde mbili kati ya hizo picha, hata hakujua nimebadilisha kitu. Siku hizi naizungusha hata pasipo haja, kuona tu kama kuna picha nyingine imejificha mulemule.

Kero ya kila siku ni wenzo mbili. Kubwa, ubavuni, inakoki shata na kushusha kioo. Ndogo, kwenye mgongo, inasogeza mkanda. Usiposogeza mkanda, mgongo wa Pro S unagoma kufyatua, na utasimama hapo unabonyeza mbele ya wageni mpaka ukumbuke. Ule mgongo wangu wa zamani haugomi. Unakubali tu, na picha mbili zinalala juu ya kipande kimoja. Ndivyo nahodha mmoja wa ngalawa alivyoota mnazi kichwani. Nilikasirika, kisha nikaitazama tena, kisha nikaanza kufanya makusudi: uso wa bibi, halafu bila kusogeza mkanda, mkeka wa ukili alioukalia, kila moja nimeipunguzia mwanga nusu. Nyuso tatu kati ya tano zilitoka ovyo. Mbili zimesukwa ndani ya mkeka kana kwamba ndivyo zilivyozaliwa.

Watu huniuliza kwa nini sikuchukua Hasselblad, na swali ni la haki. Mwenzangu mmoja aliniazima 500C/M kwa majuma mawili. Nayo ni ya vipande, tena ndiyo iliyozoesha dunia mtindo huu: Victor Hasselblad wa Göteborg, Sweden, alitoa ya kwanza mwaka 1948, na 500C yenye shata ndani ya lenzi ikaja mwaka 1957. Mwanaanga wa Marekani, Walter Schirra, alipanda na 500C angani mwaka 1962, na Hasselblad nyingine zikafika mwezini. Kuishika ni raha. Ikiwa na lenzi ya milimita 80 kamera ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, mpini mmoja unasogeza mkanda na kukoki kwa pamoja, na picha ni mraba, 12 kwa mkanda. Mraba hauna wima wala kulala, kwa hiyo hauhitaji mgongo wa kuzunguka. Wenye kupenda kutembea mitaani na kamera, chukueni hiyo, msinisikilize.

Ila ina tabia zake. Lenzi lazima iwe imekokiwa kabla ya kuipachika au kuitoa, na boksi vilevile. Visipokubaliana vinashikana na hakuna kinachotoka. Siku ya nne nilifanya hivyo. Ilibidi nitoe mgongo, nipitishe bisibisi ndefu kwa nyuma katikati ya boksi na kuzungusha kidude cha lenzi mpaka kikalia, huku jasho linanitoka kwa mali ya watu. Na mraba wenyewe, mimi ulinizidi unyoofu. Kila picha ilitoka imekaa katikati kama mgeni rasmi. Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyepewa Tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, alijua kuwapanga watu mpaka nguo na viatu vikaongea. Mimi nahitaji ile sentimita moja ya ziada ya kuegemea. Lipo jambo moja ambalo naionea Hasselblad wivu wa kweli. Mgongo wa dijitali wa CFV 100C, uliotoka mwaka 2024, unapachikwa kwenye maboksi yao ya tangu 1957. Kamera ya babu inavaa mgongo wa mjukuu. Seti yake na boksi lao dogo la 907X ilitangazwa kwa zaidi ya dola 8,000, kwa hiyo wivu wangu umeishia hapo.

Gharama, kwa anayepiga hesabu. Mkanda wa HP5 hunifikia kwa shilingi elfu 26 na Portra elfu 45, kupitia jamaa anayekwenda Dubai kufuata mzigo wa Kariakoo. Yaani kila nikifyatua rangi nimetumia elfu nne na nusu kabla ya dawa. Kusafisha nafanya mwenyewe. Dawa ya nyeusi na nyeupe inataka nyuzi 20, na maji ya bomba Ilala mwezi Machi hayajawahi kusikia habari ya nyuzi 20. Nanunua barafu za mfuko, zile za kuuzia watoto, nazamisha chupa ndani ya beseni na kipimajoto mkononi. Rangi, ambayo vitabu vyote vinatisha kuwa ni ngumu, inataka nyuzi 38. Hapa kwetu hiyo ni ndoo ya maji ya vuguvugu tu. Nadhani mimi ndiye mtu pekee ninayemjua anayeona rangi ni rahisi kuliko nyeusi na nyeupe.

Ukungu wa pwani ndio adui mkubwa kuliko bei. Lenzi ikikaa begini wiki tatu za masika, vijinyuzi vya ukungu vinaota ndani ya kioo, na kuviondoa ni kazi ya fundi hodari. Zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nawaomba wauza viatu wa Kariakoo, wananipa bure, nazikausha juani kila mwisho wa mwezi.

Ukitaka kununua, muombe muuzaji akupigie picha ya lenzi ikimulikwa tochi kutoka nyuma, sponji za migongo, na mvukuto ukiwa umevutwa wote huku taa iko ndani, uone kama una vitundu. Hakikisha kila mgongo una kibati chake. Tafuta Pro S au ya baada yake, ili angalau mgongo mmoja uwe unagoma unaposahau. Lenzi ya milimita 90 inatosha mwaka mzima. Ya 180 niliyoongeza baadaye ni nzuri kwa nyuso lakini ukiibeba na ile nyingine, bega litakushitaki. Bodaboda wangu aliwahi kuuliza kama begi lina betri ya lori. Na usilipie chochote cha ziada kwa mgongo wa Polaroid: Polaroid wenyewe waliacha kutengeneza karatasi zake, hata Fujifilm waliacha za kwao za FP-100C mwaka 2016. Wangu uko rafuni, mwanangu anawekea kalamu za rangi.

Jumamosi narudi Pangani. Bibi ametuma ujumbe kwamba picha ameipenda, ila mnazi wake alioupanda mwenyewe haukuonekana, uko upande wa kushoto wa kibaraza. Kwangu mimi kwenye kioo utakuwa kulia. Nitauzungusha mgongo.